Melatonini ya pipi kutoka Marekani, Piriton au hospitali? Mtoto wangu halali

MamaG_Soweto
Habari za jioni wapendwa. Niko Moshi, Soweto. Mtoto wangu usiku halali, na mimi alfajiri natakiwa kazini. Binamu yangu anatoka Marekani, anatua KIA Jumapili, na amejitolea kuniletea melatonini ya watoto ya kuleta usingizi, zile pipi laini za kutafuna. Anasema huko wanazinunua supamaketi kama biskuti. Anataka jibu kabla hajafunga begi. Jirani yangu yeye anasema hayo ni mambo ya gharama, nichukue tu Piriton ya maji famasi, kijiko kimoja na mtoto kimya. Baba yake anataka twende KCMC kwa daktari wa watoto. Waliotumia naomba mnisaidie, ipi nafuu? Majibu ya haraka tafadhali.

Mzee_wa_Rau
Ana umri gani? Wa miezi sita ni mtoto na wa miaka sita ni mtoto.

Chalii_wa_Sakina
Aisee dada, "halali" ndo vipi? Hapati usingizi, au anasinzia vizuri halafu saa nane usiku anaamka anataka kucheza? Hayo ni matatizo mawili tofauti. Mchana analala? Anakoroma? Mnatuuliza bei ya gari bila kusema ni gari gani.

AmaniMfamasia
Wakati tunasubiri majibu yake, niseme la Piriton maana hili nakutana nalo dirishani kila wiki. Piriton ni dawa ya mzio. Usingizi ni madhara yake, sio kazi yake. Kuna watoto inawageuza kabisa, badala ya kulala wanaruka juu ya kitanda. Na ile nyingine ya kundi hilohilo, promethazine, wengi mnaijua kama Phenergan, mtoto chini ya miaka 2 hapewi kabisa kwa sababu inaweza kumbana pumzi. Wamarekani wameiwekea onyo zito tangu 2004. Jirani mwambie asante, kijiko abaki nacho.

Melatonini ni habari nyingine. Ni homoni, ubongo unaitoa wenyewe giza likiingia, na mwanga unaizuia. Ukimpa mtoto inamsaidia kuchukua usingizi mapema kidogo. Kwa yule anayeamka katikati ya usiku msaada wake ni mdogo. Tatizo langu ni hizo pipi. Marekani zinauzwa kama kirutubisho, sio dawa, hakuna anayezikagua kabla hazijapangwa dukani. Mwaka 2023 watafiti wa hukohuko walipima pipi za aina 25, na 22 kilichomo ndani hakikulingana na lebo. Moja ilizidi mara tatu ya kilichoandikwa, na nyingine haikuwa na melatonini hata chembe. Uingereza hupewi bila cheti cha daktari. Jiulize kwa nini.

MamaIvana_Ngaramtoni
Naomba watu wasiitukane melatonini. Mwanangu ana usonji. Kabla ya melatonini nyumba nzima ilikuwa haijui usiku, anazunguka sebuleni anawasha na kuzima taa mpaka saa tisa. Daktari alitupangia dozi ndogo, chini ya mg 1 kuanzia, anapewa saa moja kabla ya kulala, taa zinapunguzwa, TV inazimwa. Sasa hivi saa tatu kasinzia. Kwa watoto wa usonji imefanyiwa utafiti sana, Ulaya kuna ya vidonge vidogo iliyoruhusiwa tangu 2018 kwa ajili yao, kuanzia miaka 2. Lakini ilianza na daktari, sio na binamu. Na sisi tunarudi kliniki kuangalia kama bado anaihitaji.

Mzee_wa_Rau
Kwa usonji sina neno mama. Nazungumzia hawa wazima. Sisi tulizaliwa tisa, nyumba moja Kibosho, taa ya chemli, na sijasikia aliyekosa usingizi.

Chalii_wa_Sakina
Mzee wangu, shikamoo. Ila si mlikuwa mnapakwa mbege mdomoni? 😂

Mzee_wa_Rau
Marahaba. Hilo ni tusi la watu wa Arusha. Tulilala kwa sababu tulikuwa tumeshinda tunakata majani ya ng'ombe.

Nuru_Njiro
Mimi nasimulia yaliyonikuta halafu MamaG aamue. Shemeji yangu alituletea chupa ya hizo pipi kutoka Texas, nyekundu, zina harufu ya stroberi, unaweza kudhani ni za besidei. Hazikuwa hata za watoto, zilikuwa za mume wangu anayefanya kazi zamu za usiku. Tukaziweka juu ya friji. Mtoto wangu wa miaka mitatu alivuta kiti cha plastiki, akapanda ndoo, akazifikia. Kifuniko cha kubonyeza na kuzungusha alikifungua, usiniulize vipi. Dada wa kazi alimkuta amekaa chini ya meza mdomo mwekundu, anamgawia na mdoli.

Hatukujua amekula ngapi kwa sababu hakuna aliyewahi kuzihesabu. Tukakimbia hospitali. Mapokezi wananiuliza amekula sumu gani, nasema pipi za usingizi, wananiangalia kama nimechanganyikiwa. Daktari kijana akaja, cha kwanza akaomba chupa. Chupa iko nyumbani! Mume wangu akarudi na bodaboda kuifuata, huku mtoto kichwa kinaanguka, ukimwita anafungua jicho moja anafumba. Akatapika mara mbili, nyekundu tupu, na mimi roho ikanitoka nikidhani ni damu. Wakamfunga kile kibano cha kidoleni cha kupima oksijeni, tukakaa tunaangalia namba usiku kucha. Namba haikushuka, Mungu ni mwema. Asubuhi akaamka anadai chai na chapati kama hakuna kilichotokea. Mimi ndo nilikuwa mgonjwa.

Ile chupa ilisema mg 5 kwa kila pipi. Sasa nasoma hapa kwa Amani kwamba hata hiyo 5 huenda sio 5. Jamani.

AmaniMfamasia
Pole sana Nuru, na umeshukuru mahali pake. Wengi wanaishia kusinzia na kutapika kama wako, lakini sio wote. Vituo vya sumu vya Marekani vilipokea taarifa kama 8,300 za watoto na melatonini mwaka 2012. Mwaka 2021 zilizidi 52,000. Katika miaka hiyo kumi wapo waliowekwa kwenye mashine ya kupumulia, na wawili walifariki, wote chini ya miaka 2. Kitu chenye umbo la pipi mtoto atakila kama pipi. Na tukienda hospitali, chupa mkononi, siku zote.

MamaG_Soweto
Nimesoma yote mpaka mikono inatetemeka. Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa jikoni. Ana miaka minne. Analala saa tano usiku hivi, anaamka saa moja asubuhi na kuamshwa kwenyewe ni vita. Dei kea wanasema mchana analala vizuri, saa saba mpaka saa kumi. Hana usonji. Usiku anakula kawaida, ugali au wali, na chai ya rangi.

Chalii_wa_Sakina
Subiri kwanza. Saa tano usiku mpaka saa moja asubuhi ni saa nane. Ongeza tatu za mchana. Kumi na moja!

MamaIvana_Ngaramtoni
😅😅 Kijana kapiga hesabu. Mtoto wa miaka mitatu hadi mitano anatakiwa apate saa 10 hadi 13, pamoja na za mchana. MamaG, mwanao analala. Anayekosa usingizi ni wewe.

AmaniMfamasia
Na chai ya rangi usiku kwa mtoto wa miaka minne! Majani ya chai yana kafeini. Hiyo itoe leo. Halafu ongea na dei kea wamwamshe mapema. Najua hawapendi, wakiwa wamelala ndo wao wanapumua, lakini unalipia wewe.

MamaG_Soweto
Dei kea nimeshaongea nao wakanuna. Chai nitatoa. Simu sijasema, ila naona mnaelekea huko: ndiyo, anaangalia katuni akiwa kitandani, la sivyo analia. Na kukoroma anakoroma, nadhani ni hii baridi.

AmaniMfamasia
Hilo la kukoroma ulilificha wapi? Kila usiku? Mdomo wazi? Kuna wakati pumzi inakata halafu anashtuka?

MamaG_Soweto
Mdomo wazi ndiyo. Kushtuka sijaangalia.

AmaniMfamasia
Basi baba yake ana hoja. Inaweza kuwa nyama za puani, na hapo melatonini ya Marekani wala ya Ulaya haitazibua pua. KCMC wapo wa masikio, pua na koo. Mrekodi kwa simu akiwa amelala, uwaonyeshe.

Mzee_wa_Rau
Nyama za puani mjukuu wangu alitolewa. Lakini mpe mtori usiku. Mtori mzito wenye nyama, sio maji ya ndizi. Mtoto akishiba anaanguka mwenyewe.

Nuru_Njiro
Mzee mtori mzito usiku tumbo litamsumbua. Maziwa ya uvuguvugu yanatosha.

Mzee_wa_Rau
Mtori unamsumbua nani? Mama aliyejifungua anapewa mtori.

Nuru_Njiro
Mama aliyejifungua ana miaka minne?

Chalii_wa_Sakina
😂😂😂 Mzee kapatikana. Mimi naongeza la mwanga. Huku kwetu jua linazama saa kumi na mbili na nusu, na dakika zake, mwaka mzima, giza la bure. Halafu tunawasha taa nyeupe ya sebuleni na TV ya inchi 55 mpaka saa tano. Kwangu mimi shida ni baa ya jirani, ina taa za kijani zinapiga dirishani kwa watoto na spika ziko nje. Nimekwenda serikali ya mtaa, mwenyekiti nimemkuta palepale baa.

MamaIvana_Ngaramtoni
Weka mapazia mazito, yale yenye kitambaa cheusi nyuma. Mimi nilipata ya mtumba soko la Memorial, Moshi, yanakata mwanga wote.

Chalii_wa_Sakina
Nije Moshi kwa ajili ya pazia? Kilombero hawana?

Mzee_wa_Rau
Memorial wanakuona mgeni wanakupandishia. Nenda Kiborloni, siku wanapofungua marobota, asubuhi.

Nuru_Njiro
Wanafungua lini siku hizi?