Mrija wa kopa wa milimita 4 umegoma kunyooka, nimekwama

Nahodha wa Beseni
Wakuu, habari za jioni. Natengeneza kimashua cha mvuke cha kuelea kwenye beseni. Wajukuu ndio kisingizio, mwenye hamu ni mimi. Boila iko nyuma, silinda iko mbele, na kati yake unapita mrija wa kopa juu ya sitaha, mahali ambapo hakuna atakayekitazama asiuone. Nahitaji sentimita 55 zilizonyooka. Kipenyo cha nje ni milimita 4, tundu milimita 3.

Niliupata ukiwa umeviringwa. Nikakamata ncha nikavuta kama navuta kamba, ukaja umejisokota kama skrubu. Nikaupitisha kwenye vidole gumba mpaka vikawa vyeusi. Mapindo makubwa yakaisha, yakabaki mawimbi madogo madogo ambayo ukiuweka sambamba na jicho unayaona yote. Basi nikachukua nyundo ya mpira. Kila nikilaza wimbi moja, la jirani linainuka. Na sehemu moja imeanza kuwa bapa.

Kinachonishangaza zaidi: mwanzoni ulikuwa laini, ukipinda kwa kidole. Sasa umekuwa mbishi kama waya wa chuma. Nimekosea wapi? Sina mashine, nina jiliwa (kile kibanio cha mezani), drili ya umeme ya kushika mkononi, tochi ya gesi na vikorokoro vya kawaida.

Fundi Baridi
Nahodha, pole. Umekosea mara mbili, na kosa la kwanza ndilo lililozaa la pili.

Mrija ulioviringwa hauvutwi, unabingirishwa. Laza ncha kwenye meza, ikandamize kwa kiganja, halafu viringisha lile duara kama gurudumu huku kiganja kikifuata nyuma yake. Unajifungua kwa kinyume cha namna ulivyofungwa, hausokoteki. Kazi yangu ni mafriji, nafungua mirija kila siku, na mwanafunzi akianza kuvuta kwa pembeni huwa namnyang'anya.

Huo ubishi nao ni kawaida ya kopa. Kila ukiipinda na kuinyoosha inazidi kukakamaa. Mapindo yako, vidole vyako na nyundo yako, vyote vimeikomaza. Ukiendelea hivyo itapasuka. Ipashe moto irudi kuwa laini, ndipo uanze upya. Zima taa kidogo, pitisha moto polepole mpaka uone wekundu hafifu, kisha songa mbele. Usiache mwali usimame mahali pamoja. Kopa huyeyuka nyuzi 1085, lakini mrija mwembamba hivyo ukizubaa utauharibu.

Tindo Butu
Mimi nitasema la rahisi. Meza iliyonyooka kweli kweli, kipande cha ubao bapa juu, mrija katikati, sukuma mbele na nyuma kama unasukuma chapati, mkono mwepesi. Kwa vipande vifupi mimi sitafuti kingine. Kioo kinene ni kizuri kuliko meza, tena kinakusemesha: mrija wenye kibonyeo unatoa *ta-ta-ta* ukiubingirisha, ulionyooka unanguruma sauti moja. Msiniletee mambo ya kuvutana na jiliwa.

Mzee wa Jiliwa
Mimi ndiye wa kuvutana na jiliwa, kwa hiyo nisikilizwe. Tindo yuko sawa kwa sentimita 20. Kwa 55, ubao wako hautoshi kuufunika wote kwa mara moja, na pale ubao unapoishia ndipo panapozaliwa wimbi jipya.

Nahodha, ukishaupasha moto, uvute. Simaanishi kuvuta kwa kunyoosha tu, maana ukiachia unarudi ulivyokuwa. Uvute mpaka urefuke kabisa, asilimia moja au zaidi kidogo. Kwenye sentimita 60 hiyo ni milimita 6. Sehemu zilizopinda zikishavutika pamoja na zilizonyooka, zote zinakubaliana kwenye mstari mmoja. Utapungua unene, lakini kwa asilimia moja ya urefu, kipenyo chako cha milimita 4 kinapoteza kama sehemu mbili za mia za milimita moja. Hakuna jicho litakaloliona hilo.

Nguvu? Mrija wako, nje 4 ndani 3, una nyama ya milimita za mraba 5 na nusu hivi. Ukiwa laini, uzito wa kama kilo 40 hadi 50 unautosha. Hata wewe na umri wako unaweza, ukijiegemeza nyuma. Usipoupasha moto utavuta mpaka jasho likutoke bila faida.

Shida ni kuushika. Taya za jiliwa zitauponda na kuukata hapo hapo. Kata mrija mrefu kuliko unavyohitaji, ncha zote mbili ziingizie kitu kigumu cha kuujaza, ndipo ubane. Ncha moja kwenye jiliwa, nyingine kwenye mdomo wa drili ISIYO NA UMEME. Chomoa waya kabisa. Drili hapo ni mpini tu. Vaa miwani, na usisimame pale mrija utakaporukia ukichomoka.

Nahodha wa Beseni
Mzee, shikamoo, nimekuelewa. Swali moja: nikishaupasha moto, niuzamishe kwenye maji au niuache upoe wenyewe? Nimezoea chuma, na chuma chenye moto ukikitia majini kinakuwa kigumu.

Fundi Baridi
Hiyo ni tabia ya feleji (chuma chenye kaboni), kopa haina tabia hiyo. Maji au hewa, inabaki laini vilevile. Faida ya maji ni kuharakisha na kubambua ule weusi. Ila angalizo: usizamishe ncha moja ukiwa umeshika nyingine. Maji yanaingia chini, yanachemka ndani, na yanatokea juu kwako kama chai inayofurika. Nimeshaungua kwenye kifundo cha mkono kwa ujinga huo. Uache tu upoe juu ya tofali. Weusi uliobaki utaondoka kwa siki na chumvi, halafu usuuze, na ndani upulize vizuri, maana vumbi hilo likiingia kwenye silinda litaikwaruza.

Mzee wa Jiliwa
Marhaba. Na ukishapoa usiunyanyue kwa ncha moja. Unalegea kama tambi, utapinda kabla haujafika kwenye jiliwa.

Nahodha wa Beseni
MREJESHO.

Kipande kile cha zamani kilikuwa na sentimita 63, nikakipa nafasi ya mwisho. Kwa kujaza ncha nikatumia mikia ya keekee (biti za drili) mbili za milimita 3, iliingia kama imeagizwa. Nikapiga alama mbili za kalamu, kati yake milimita 600.

Mvuto wa kwanza: mrija ulichomoka kwenye mdomo wa drili, nikakaa chini bila kupenda. Nikaupasha tena moto ile ncha, nikakaza zaidi, nikautia poda ya msasa ili usiteleze. Mvuto wa pili ndio niliousubiri. Mwanzoni unahisi ukinzani, kama unavuta mlango uliofungwa. Halafu ghafla unaachia, taratibu, kama mpira mzito. Nilisimama hapo hapo. Alama kwa alama: milimita 607. Nikauweka sambamba na jicho na mawimbi hayapo! Nilimwita mke wangu aje aone mrija. Alikuja, akaona mrija, akarudi jikoni.

Tindo, nawe nimekutumia. Karibu na ncha moja palibaki kijipindo, nikakisukuma kwenye kioo cha meza mpaka *ta-ta-ta* ikanyamaza.

Palipopondwa na nyundo hapakurudi. Kuvuta hakuviringishi kilichokuwa bapa. Nimepapima, paangukie chini ya bomba la moshi la kimashua. Msimwambie mtu.

Tindo Butu
Picha?

Nahodha wa Beseni
Subiri rangi ikauke.