Kugombea umakamu wa rais wa chama cha watakwimu bima: nipime nini kabla ya kuchukua fomu?

Mkokotoaji:

Ndugu wanataaluma, wenzangu wawili wameniomba nigombee nafasi ya makamu wa rais katika uchaguzi ujao wa chama chetu cha watakwimu bima, yaani wataalamu wa kukokotoa hatari na gharama za bima na pensheni, nami bado sijawapa jibu. Masharti ya katiba ninayatimiza: nimemaliza mitihani yote, ni mwanachama kamili, na nimetumikia kamati ya elimu kwa miaka kadhaa. Kinachonisukuma ni hali ya watahiniwa wetu. Wapo vijana wenye uwezo mkubwa wanaoacha mitihani njiani, na wengi wao hawashindwi na hesabu. Wanashindwa kwa sababu mwajiri hawapi muda wa kusoma, na wanapofeli hakuna anayewaonyesha ni wapi walipopotea.

Hofu zangu ni mbili. Kazi yangu ya kila siku ni kukadiria akiba ya madai, yaani fedha za kutengwa ili kulipa madai, katika kampuni ya bima za kawaida (zisizo za maisha), na kampuni hiyo ina msimamo wake juu ya mambo ambayo baraza la chama humshauri msimamizi wa sekta, hasa kiwango cha mtaji na viwango vya punguzo vinavyotumika kupata thamani ya leo ya madai tangu IFRS 17, kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa mikataba ya bima, ilipoanza kutumika tarehe 1 Januari 2023. Sitaki siku moja nishindwe kujua kama ninayesema ni mimi, mwajiri wangu au chama. Hofu ya pili ni tamko la mgombea. Matamko ninayosoma kila uchaguzi yanafanana mno, kiasi kwamba ukiyafuta majina huwezi kujua lipi ni la nani. Naomba ushauri wa waliowahi kugombea au kukaa katika baraza.

Mjumbe Mstaafu:

Ndugu Mkokotoaji, nianze na hofu yako ya kwanza, kwa kuwa ndiyo nzito na ndiyo ambayo wagombea wengi hawaifikirii mpaka wanapokuwa wamekwisha kuketi mezani.

Mgongano wa maslahi katika taaluma yetu hauepukiki, kwa sababu karibu kila mtakwimu bima mwenye uzoefu ameajiriwa na kampuni ya bima, mfuko wa pensheni, kampuni ya ushauri au msimamizi mwenyewe. Tukisema asigombee yeyote mwenye mwajiri, baraza litabaki tupu. Kinachotakiwa ni utaratibu unaofuatwa bila kuoneana haya: unatangaza maslahi yako kwa maandishi kabla ya kikao, na hoja inayomgusa mwajiri wako moja kwa moja ikifika, unatoka nje mjadala unapoendelea. Kunyamaza huku umekaa hapo hapo hakutoshi, maana wenzako watapima maneno yao mbele yako. Kabla ya kuchukua fomu, nenda kwa mkuu wako wa kazi umweleze hayo waziwazi na umwombe barua inayokubali kwamba katika shughuli za chama hutaiwakilisha kampuni. Akisita kuiandika, utakuwa umepata jibu mapema, kabla jina lako halijafika kwa wapiga kura.

Sisemi haya kwa kupenda taratibu. Yaliyoipata taaluma hii Uingereza ni funzo kwa kila anayetaka kuongoza chama cha watakwimu bima popote duniani. Equitable Life, kampuni kongwe ya bima ya maisha, ilifunga milango kwa wateja wapya Desemba 2000 baada ya kushindwa kubeba ahadi ilizokuwa imewapa wenye bima. Serikali ikamteua Sir Derek Morris kuichunguza taaluma nzima, na ripoti yake ya mwisho ikatoka mwaka 2005. Matokeo yake ni kwamba usimamizi wa taaluma uliwekwa chini ya Financial Reporting Council, chombo cha Uingereza kinachosimamia taarifa za fedha na ukaguzi, na kazi ya kutunga viwango vya kiufundi ikatoka mikononi mwa vyama vyenyewe. Chama kikionekana kinawalinda wanachama wake kuliko kinavyowalinda wenye bima na wastaafu, watu wa nje huingia na kukinyang'anya kazi hiyo, na wanakuwa na haki ya kufanya hivyo. Kiongozi anayeogopa kumuudhi mwajiri wake hawezi kuliona hilo likija.

Kuhusu muda, usidanganyike na idadi ya vikao vilivyoandikwa kwenye kalenda. Mzigo halisi ni makabrasha. Yanakuja siku chache kabla ya kikao yakiwa na bajeti, ripoti ya nidhamu, rasimu ya maoni kwa msimamizi na mapendekezo ya ada, na mjumbe asiyeyasoma hutambulika kwa swali lake la kwanza. Vilevile chunguza kama katiba yenu inamfanya makamu kuwa rais baadaye bila kura nyingine. Katika Society of Actuaries, chama cha watakwimu bima cha Amerika Kaskazini, anayechaguliwa huwa rais mteule kwa mwaka mmoja, kisha rais, kisha rais aliyetangulia, kwa hiyo kura moja humfunga miaka mitatu. Kama kwenu ni hivyo, usiombe umakamu ukiwa na nguvu za mwaka mmoja tu.

Kamati ya Uteuzi (zamani):

Nakubaliana na Ndugu Mjumbe Mstaafu kuhusu mwajiri, nami nitajibu la tamko. Nilipokuwa nikipitia matamko, sentensi niliyoichoka kuliko zote ilikuwa "nitaimarisha taaluma na kuinua hadhi yake". Hakuna mgombea anayeweza kuipinga, kwa hiyo haimsaidii mpiga kura kuchagua. Linganisha na hii: "Nitapendekeza kila mtahiniwa aliyefeli apewe maelezo ya maandishi yanayoonyesha ni sehemu ipi ya silabasi iliyomwangusha, na gharama yake ilipwe kutoka katika ada za wanachama kamili." Sentensi hiyo ina mtu anayefaidika, ina anayelipa, na kuna wanachama watakaoikataa. Hilo la mwisho lisikutishe, kwa kuwa kura chache zenye kujua unachokisimamia zitakufaa zaidi barazani kuliko kura nyingi za watu waliopenda jina lako.

Hata hivyo, jihadhari na ahadi zisizo mikononi mwa chama. Chama hakiwezi kumwamuru mwajiri atoe likizo ya masomo. Kinaweza kuandaa mwongozo wa waajiri na kuutangaza. Wala hakiwezi kupunguza ugumu wa mitihani ili wahitimu waongezeke. Chama kinachotaka kuwa, au kubaki, mwanachama kamili wa International Actuarial Association, muungano wa vyama vya watakwimu bima duniani, kinapaswa kuwa na elimu inayofikia silabasi ya pamoja, kanuni za maadili na utaratibu wa nidhamu unaofanya kazi. Mgombea anayepigiwa debe na watahiniwa kwa ahadi ya kulegeza mitihani anawauzia cheti ambacho hakitaheshimiwa nje ya mipaka.

Jambo moja ninatofautiana na waliokuomba. Kama hujawahi kukaa katika baraza, ningekushauri ugombee ujumbe kwanza. Kamati ya elimu inakupa picha ya chumba kimoja cha nyumba. Makamu wa rais ataulizwa kuhusu fedha na nidhamu tangu siku ya kwanza.

Mtahiniwa:

Mimi siruhusiwi kupiga kura, lakini naomba nisikike. Nimefanya somo moja zaidi ya mara moja, na kila mara nilichopata ni neno "umefeli" na tarehe ya mtihani unaofuata. Ujumbe au umakamu, tafadhali mtu mwenye hoja hii aingie.

Mkokotoaji:

Nawashukuru nyote, na wewe Mtahiniwa hasa. Nimezungumza na mkuu wangu wa kazi. Amekubali kuandika barua, ila ameomba nisishiriki katika kamati inayoandaa maoni kuhusu mtaji, na naliona ombi hilo kuwa la haki. Nimeisoma pia katiba: kwetu makamu hurithi urais moja kwa moja. Kwa hiyo nitachukua fomu ya ujumbe wa baraza, na tamko langu litakuwa na hoja moja tu, ya maelezo kwa waliofeli, pamoja na makadirio ya gharama yake. Ndugu wa Kamati ya Uteuzi, je, inafaa niitaje barua ya mwajiri ndani ya tamko lenyewe?

Kamati ya Uteuzi (zamani):

Itaje, tena katika aya ya kwanza, na useme wazi ni mijadala ipi utakayojitoa. Mpiga kura ana haki ya kujua hilo kabla hajakuchagua.