Kisiagi kimoja, ngano na mahindi: naomba ushauri

Habari zenu wapendwa. Niko Nakuru, upande wa Njoro, huku kwenye ngano tupu. Baada ya miaka mitatu ya kuhara, tumbo kujaa na damu kupungua (nimetibiwa amiba na taifodi hadi nikachoka), mwezi uliopita nilipimwa damu, kisha wakaniingiza kamera tumboni na kukata kinyama cha utumbo mdogo. Ni siliaki, ugonjwa ambao gluteni (protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai) huumiza utumbo. Yaani gluteni nisiiguse maisha yangu yote.

Chapati nimeziaga. Wimbi, mtama, mihogo na nduma nala bila shida. Kinachonisumbua ni kisiagi: jirani anasaga ngano yake, halafu debe langu la mahindi linamiminwa humo humo. Juzi niliona vumbi jeupe limeganda mdomoni mwa mashine. Nikala ugali, usiku sikulala. Kuna mwenye mashine ndogo ya kusagia nyumbani? Inaweza mahindi makavu kweli?

Pia mama mkwe anadhani naringa. "Kipande kimoja tu, mwanangu." Nimjibuje bila kumvunjia heshima?