Maji ya tenki la nyumbani yanaweza kutoa umeme? Naombeni ushauri, niko Dodoma

MamaWawili_Nzuguni

Habari za jioni wanajamvi. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela.

Naishi Nzuguni. Maji ya DUWASA (mamlaka ya maji ya Dodoma) kwetu ni ya mgawo. Yakija yanaingia kwenye kisima cha chini, halafu pampu ya nusu hosipawa inayapandisha kwenye tenki la lita 2,000 lililo juu ya mnara. Kutoka usawa wa koki hadi usawa wa maji kule juu ni kama mita 6.

Kijana wangu wa kidato cha tatu ameona mtandaoni kijenereta kinachofungwa kwenye bomba la nusu inchi. Maji yakipita kinazunguka na kutoa umeme wa volti 12. Muuzaji ameandika wati 10. Kijana anasema kila siku tunaoga, tunafua, tunaosha vyombo, na maji yote hayo yanashuka kwa nguvu bure, basi tukifunga kimoja kwenye bomba la kushukia tutapata umeme wa ruta, wa simu na wa taa tatu hivi TANESCO wakikata. Mimi naona ana hoja, maana hata bwawa la umeme la Mtera ni maji yanayoshuka tu. Fundi wa mtaani kwetu anasema hajawahi kukiona kitu hicho.

Inawezekana? Sitaki kumvunja moyo mtoto, na hela sitaki ipotee.

Jua_la_Kati

Dada, nunua sola. Dodoma hatuna maji ya kuchezea, jua tunalo mwaka mzima.

Mwl_wa_Fizikia

Mama, kijana wako ana kichwa kizuri. Kanuni aliyoishika ndiyo hiyohiyo ya Mtera. Kinachotofautiana ni wingi wa maji na kimo yanachoshuka. Nitaweka hesabu hapa, naye aikague mwenyewe.

Nishati ya maji yaliyo juu ni uzito wake mara kimo. Lita 2,000 ni kilo 2,000. Zidisha kwa 9.81, zidisha kwa mita 6, unapata juli 117,720. Gawanya kwa 3,600 zigeuke wati-saa: 32.7. Hiyo ndiyo nishati yote iliyomo kwenye tenki lako likiwa limejaa pomoni, hata kama ungekuwa na mtambo usiopoteza chochote. Vijenereta vya plastiki vya ukubwa huo hupoteza sehemu kubwa. Tuseme umepata robo, ni wati-saa 8. Betri ya simu ya miliampia-saa 5,000 inabeba kama wati-saa 19. Ina maana tenki zima, maji ya siku kadhaa ya familia, halifikishi simu moja nusu ya chaji.

Sasa angalia yanavyopanda. Pampu ya nusu hosipawa inavuta kama wati 500 kutoka kwenye LUKU, yaani umeme wako wa kulipia. Ikitoa lita 30 kwa dakika, tenki linajaa kwa saa moja na dakika chache, na hapo imekula wati-saa 550 hivi, zaidi kidogo ya nusu uniti. Umeweka 550, utarudishiwa 8. Hiyo nguvu ya kushuka anayoiona kijana ulishailipia wakati maji yanapanda.

Kuhusu wati 10, mwambie asome maelezo ya chini kabisa kwenye tangazo. Vingi vya aina hiyo huandikwa volti 12, miliampia 220. Zidisha: ni wati 2.6.

FundiBomba_Dom

Mwalimu kamaliza hesabu, mimi niongeze ya kwenye bomba.

Tangazo hilohilo mara nyingi linasema kifaa kinaanza kuzunguka kwenye presha ya 0.05 MPa. Hiyo ni sawa na maji ya kimo cha mita 5. Wewe una 6, na humo toa inayopotelea kwenye kona na viungio. Kitakula karibu presha yako yote, na shawa itabaki kudondosha.

Sasa kuna mtu atakuja hapa akwambie ukifunge kwenye bomba linaloingia kutoka DUWASA kwa sababu huko presha ni kubwa. Hapa nakuomba unisikilize vizuri, dada yangu. Maji ya mgawo yana saa zake. Ukiweka kitu cha kubana njia, kisima kinajaa polepole, na maji yakikatwa kabla hakijajaa ndiyo basi, unasubiri zamu nyingine. Nina wateja ambao nimewaondolea koki za nusu inchi kwenye njia ya kuingizia na kuwawekea za robo tatu ili tu wawahi kujaza. Wewe utakuwa unafanya kinyume chake, unapunguza maji ya wiki ili upate mwanga wa taa moja. Kwangu hiyo haifai hata kama kifaa ungepewa bure. Na kabla ya mita usiguse kabisa, hapo ni mali ya mamlaka.

Angalia pia ukoko mweupe ndani ya birika lako. Kama upo, huohuo utaganda kwenye vipanga vya kijenereta vinavyozungushwa na maji.

Msafiri_Kondoa

Lakini tusimwambie mtoto kwamba umeme wa ndani ya bomba haupo. Upo. Mji wa Portland, Marekani, ulifungiwa turbini ndani ya bomba kuu la maji, zikaanza kazi 2015, jumla kilowati 200. Ila bomba lile lina kipenyo cha inchi 42, maji yanashuka kwa mteremko bila pampu, tena usiku na mchana. Kuna pia koki za chooni zinazojifungua zenyewe ukiweka mkono, nyingine zina kijenereta kidogo ndani kinachochaji umeme wa kuendeshea kihisio chake. Huko inalipa kwa sababu kihisio kinahitaji umeme kidogo mno.

Na ukiwa na kijito mlimani mambo yanabadilika kabisa. Lita 10 kwa sekunde zikishuka mita 20, hata ukipoteza nusu, zinabaki karibu kilowati moja mfululizo. Ni uniti 23 na ushee kwa siku.

Kijana_wa_Chinangali

Vipi maji ya mvua kwenye mabati? Yale hayajapandishwa na pampu.

Mwl_wa_Fizikia

Swali zuri. Bati la mita za mraba 100, na mvua yetu ya mwaka kama milimita 570, ni lita 57,000. Zishushe mita 3 bila kupoteza kitu: wati-saa 466. Haifiki nusu uniti kwa mwaka mzima. Lita 57,000 zenyewe ndizo mali, weka mfereji na tenki uzikinge.

MamaWawili_Nzuguni

Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimempa kijana uzi wote ausome. Hesabu amezikubali, ila bado anatamani kukijaribu. Nimkatalie? Halafu aliyesema sola, nahitaji ya ukubwa gani kwa ruta, taa tatu na simu mbili?

Mwl_wa_Fizikia

Usimkatalie. Kama bei si ya kuumiza, anunue kimoja akifunge kwa mpira kwenye koki ya nje, kisikae kwenye mabomba ya nyumba. Achukue ndoo ya lita 20, saa ya simu na mita ya kupimia umeme. Apime dakika za kujaza ndoo bila kifaa, kisha kikiwepo, kisha kikiwa kimewasha taa. Aangalie mwenyewe kama maji yanazidi kupungua kasi taa inapovuta umeme. Hakuna somo la nishati litakalomkaa kichwani kama hilo. Maji ya ndoo yatumike kufulia, yasimwagwe.

Jua_la_Kati

Ruta ya wati 10 kwa saa 6 ni wati-saa 60. Taa tatu za wati 5 kwa saa 4 ni 60. Simu mbili ni 40. Jumla 160. Paneli ya wati 50 siku ya jua hapa inakupa kama 200, na betri ya lithiamu ya volti 12, ampia-saa 20 inatosha usiku mmoja. Ruta nyingi ni za volti 12 (angalia adapta yake), unaweza kuilisha bila inveta. Paneli itazame kaskazini, iinuke nyuzi kama 10, na uifute vumbi kila wiki kiangazi.

MamaWawili_Nzuguni

Na hiyo sola inaweza kupandisha maji? Maana kilio changu kikubwa ni umeme kukatika tenki likiwa tupu.

FundiBomba_Dom

Inaweza, na hapo ndipo ningeweka hela. Kama mwalimu alivyoonyesha, kazi yenyewe ya kupandisha ni ndogo: wati-saa 33 kwa zile mita 6, na zaidi kidogo ukihesabu kuanzia chini ya kisima. Kipampu cha volti 12 cha kuzamisha kitatumia labda 100 hadi 150 kujaza tenki, taratibu mchana kutwa. Kipe paneli yake ya wati 100, usikichanganye na betri ya taa. Muhimu chagua kinachosukuma zaidi ya mita 10, maana pima kuanzia chini ya kisima hadi mdomo wa tenki. Pampu ya zamani ibaki palepale. Unaweka kiungio cha T kwenye bomba la kupandia, kila pampu na valvu yake ya kuzuia maji kurudi, juu kwenye tenki boya la kukata umeme likijaa, na chini kisimani boya jingine lisiruhusu kipampu kizunguke kikavu.

Nitumie picha ya kisima na bomba la kupandia nikuandikie orodha ya vifaa.