Wauza matairi Kampala, tairi lisilotumika SI tairi jipya!

Wakuu, nawasalimu. Nimeshika simu nikiwa na hasira na sitaificha. Mimi ni mzaliwa wa Busia, nafanya kazi Kampala, na naandika kwa Kiswahili ili wenzangu wa Kisumu, Arua na Mwanza wenye pikipiki kubwa wasome kabla hawajatoa pesa yao mfukoni.

Natumia Suzuki V-Strom 650. Mwenye bodaboda ya Boxer hana shida, tairi la 2.75-17 au 3.00-17 atalipata hata kwenye kituo cha biashara chenye duka moja la sukari na sabuni. Mimi nahitaji 110/80R19 mbele na 150/70R17 nyuma, na hayo hapa mjini ni ya kutafuta kwa tochi. Anayekuwa nayo anajua huna pa kwenda. Hapo ndipo wizi unapoanzia.

Aprili 2024 tairi langu la nyuma lilifika mwisho, katikati limebaki bapa kabisa. Shangazi wa mke wangu alikuwa amefariki Kabale, ilibidi tuondoke baada ya siku 2. Nikazunguka soko la vipuri la Kisekka, nikashuka Ndeeba, nikapiga simu kila mahali. Mwisho nikaelekezwa duka moja, silitaji. Lilikuwepo! Saizi yangu hasa, chapa ya Ulaya inayoheshimika, linang'aa utadhani limetoka kiwandani jana. Bei shilingi 780,000. Nikamwuliza muuzaji mara mbili kama ni jipya. Akanishika bega: “Ssebo, hili jipya kabisa, tazama, nywele zake bado ziko.” Kweli, vile vinyweleo vya mpira vilikuwepo. Nikalipa. Risiti aliyonipa ni kikaratasi cha daftari, wala si ya EFRIS, ule mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya mapato.

Nilipaswa kushtuka fundi alipolifunga. Alihangaika nalo karibu saa nzima, mpira umekakamaa, haukubali kuingia kwenye ringi. Akasema matairi makubwa ndivyo yalivyo. Akajaza upepo wa PSI 28 kama wa bodaboda, mimi nikaongeza mwenyewe hadi 41, maana kitabu cha pikipiki hii kinasema nyuma 36 ukiwa peke yako na 41 ukibeba mtu.

Tukaondoka alfajiri. Mvua ilitushika baada ya Kayabwe, ukishapita pale kwenye mstari wa ikweta. Kuanzia Katonga, ile sehemu ambayo maji yaliikata barabara Mei 2023, mpaka tunatoka Lwera, pikipiki ilikuwa inacheza nyuma kila nikigusa breki. Nikajipa moyo kwamba tairi bado geni, lile tabaka la juu linateleza, litazoea. Tulipokaribia Masaka taksi ikasimama ghafla mbele yangu kuchukua abiria. Nilifunga breki, gurudumu la nyuma likaondoka upande wa kushoto kama limekanyaga ganda la ndizi. Hatukuanguka, namshukuru Mungu. Lakini mke wangu alinishika kiunoni kwa namna ambayo sijaisahau, na hakusema neno mpaka Lyantonde.

Mbarara tukasimama sheli. Mzee mmoja anayeziba pancha pale, zamani aliendesha matrela hadi Mombasa, akainama kulitazama tairi kabla hata sijamwambia kitu. Akapitisha kidole katikati ya meno. Zile nyufa! Ile dawa nyeusi ya kung'arisha ilikuwa imeoshwa na mvua, na chini yake mpira umepasukapasuka kama udongo wa kiangazi. Kwenye ukingo mmoja meno mawili yalikuwa yamemeguka vipande. Mzee akafuta ubavu kwa kitambaa, akaniita: “Kijana wangu, njoo usome mwenyewe. Mama huyu ulikuwa unampeleka wapi na hiki?”

1913.

Juma la 19 la mwaka 2013. Mpira wa karibu miaka 11, nimeuzwa kwa bei ya mpya, na nimempakia mke wangu juu yake kilomita zipatazo 270.

Mbarara hakuna 150/70R17. Mke wangu akapanda basi kwenda msibani peke yake, mimi nikapakia pikipiki kwenye fuso kurudi Kampala. Mazishi ya shangazi aliyemlea mke wangu sikuyahudhuria.

Nikarudi dukani na tairi mkononi. Muuzaji hakukataa kwamba ni la 2013! Alisema hivi: “Ni la 2013 lakini halijatumika hata siku moja. Kitu ambacho hakijatumika ni kipya.” Akanionyesha bango ukutani kwamba mali ikishauzwa hairudi. Nikamtajia Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya 2017, ambayo inadai bidhaa iwe na ubora na ifae kwa kazi ambayo mnunuzi ameitaja. Akaniambia niende mahakamani nikitaka. Vijana wake wakacheka.

Sasa nimjibu hapa, na wote wenye maneno kama yake. Tairi si sufuria. Mpira huzeeka ukiwa umekaa tu. Hewa, joto na jua huukausha, zile dawa zilizochanganywa kiwandani kuufanya uwe laini na usipasuke hupungua nguvu, mpira unakuwa mgumu. Mpira mgumu hauishiki lami, hasa yenye maji. Meno yanaweza kuwa marefu vizuri na tairi likawa limekufa. Watengenezaji wenyewe, Michelin kwa mfano, wanashauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya miaka 5 ya kutumika, na likifikisha 10 tangu litengenezwe libadilishwe hata kama sura yake ni nzuri. Hilo langu lilikuwa limeshavuka 10 siku nalipia! Tena halikuwa limehifadhiwa. Lilikuwa linaning'inia barazani, juani, ukuta mmoja na mafundi wa kuchomelea vyuma. Mashine za kuchomelea hutoa ozoni, na ozoni ni adui mkubwa wa mpira.

Namba zenyewe zinasomwa hivi. Kwenye ubavu tafuta herufi DOT. Mwisho wa huo mfululizo, mara nyingi ndani ya alama yenye umbo la yai, kuna tarakimu 4: mbili za mwanzo ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Ukikuta 3 tu, hilo ni la kabla ya 2000, ondoka. Na matairi mengi yameandikwa tarehe upande mmoja peke yake, kwa hiyo muuzaji akikushikia upande mmoja, geuza wa pili, usione haya. Ukikuta pamekwanguliwa, jua umeshajibiwa.

Kuna lingine lililonichoma kabla sijafika kwenye lile duka. Maduka matatu yalitaka kuniuzia 130/80-17 eti “saizi ni 17, itaingia.” Jamani! 17 ni kipenyo cha ringi tu. Tairi langu la asili limeandikwa 69H. Hiyo 69 maana yake linabeba kilo 325, na H ni kasi ya hadi kilomita 210 kwa saa. Lile waliloninyooshea lilikuwa 65, yaani kilo 290. Pikipiki yenyewe inazidi kilo 210 kabla hatujapanda; weka mimi, mke na masanduku mawili, halafu twende kwenye kona za Kabale tukashuke mlima na tairi lililopungukiwa kilo 35 za uwezo. Upana nao, 130 badala ya 150, haulingani na ringi yangu. Sijawahi kuendesha 210 na sina mpango, lakini herufi ile inaeleza pia tairi linavyostahimili joto, na mzigo kwenye jua la mchana ni joto.

Na nyie mnaoshauri vijana kuchonga meno upya kwa kisu cha moto, acheni. Acheni kabisa. Tairi la pikipiki lina mpira mwembamba, ukichonga unakaribia nyuzi za ndani zinazolishikilia. Nimeona bodaboda nyingi zikifanyiwa hivyo na abiria hajui amekalia nini. Yule aliyeniambia nifunge tairi la gari kwa sababu linadumu, naye simwelewi. Tairi la pikipiki lina uso uliobinuka kwa sababu pikipiki hulala kwenye kona. La gari ni bapa. Kwenye barabara ya kwenda Kisoro utageuka vipi?

Najua kuna watakaosema ukitaka pikipiki kubwa uwe na pesa kubwa. Siyakubali maneno hayo. Matairi mazuri ya bei nafuu yapo duniani, tatizo ni kwamba hapa hatuletewi, au tunaletewa yaliyokaa ghalani. Shinko 705 nimewahi kuitumia nyuma, ikanipa kilomita 11,000 kabla ya kufika kwenye TWI, ile alama inayoonyesha meno yamekwisha, na bei yake ilikuwa chini sana ya Metzeler Tourance au Michelin Anakee. Muuzaji mmoja aliniambia Shinko ni takataka za kuigwa. Si kweli: ni matairi ya Korea Kusini, na mwaka 1998 kampuni hiyo ilichukua kalibu na teknolojia ya matairi ya pikipiki ya Yokohama ya Japani. Kuna Mitas E-07 pia, chapa yenye asili ya Cheki, mpira mgumu kidogo unaovumilia vumbi na kokoto. Kwenye lami yenye mvua nitakuwa mwangalifu nayo zaidi kuliko Tourance, hilo nasema wazi. Lakini nikigawanya bei kwa kilomita, E-07 mpya ya mwaka huu inanifaa kuliko jina kubwa la 2013.

Nilichofanya mwisho: rafiki yangu Nairobi alinipigia picha ya tarakimu 4 kwanza, ndipo nikatuma pesa. Tairi likaja kwa basi kupitia Malaba, nikalipa ushuru wangu pamoja na VAT ya 18%, na nauli ya mzigo. Jumla 910,000. Lilikuwa na miezi 7. Fundi alilifunga kwa dakika 20. Nimekwenda nalo taratibu kilomita 160 za mwanzo, na hata kwenye mvua ya Mabira halikuteleza.

Kwa hiyo lile duka lilikula 780,000 zangu, fuso ikala 150,000, na bado nikanunua tairi.

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu tangu jana. Kaka uliyeuliza kama tairi la miaka 2 au 3 ni baya: hapana, likihifadhiwa ndani, mbali na jua, mimi mwenyewe nalinunua. Ninachotaka ni kuambiwa ukweli na bei ishuke kulingana na umri. Dada wa Mbale uliyesema lako ni la nyuzi za mshazari (bias), halina herufi R, na unataka kuweka lenye R (radial) mbele peke yake: usifanye kwa kukisia, angalia kwanza mtengenezaji wa pikipiki anaruhusu nini, maana aina hizo mbili hazikunji ubavu sawa na pikipiki inaweza kuyumba kwenye mwendo. Na wewe uliyeandika kwamba nilitaka rahisi ndiyo maana nikaumia, soma bei tena. Sikununua rahisi. Nilinunua ghali, nikauliza mara mbili, nikadanganywa usoni.

Sasa la mbele nalo limebaki na meno ya milimita 2 hivi. Nahitaji 110/80R19, 59H, na mwezi ujao natakiwa Gulu. Kuna anayejua duka lolote Kampala, Jinja au Mbale ambalo mwenye nalo anakuruhusu kugeuza tairi na kusoma tarehe kabla ya kulipa, na anatoa risiti halali? Nitumieni picha ya ubavu, upande wenye tarehe. Kama haina tarehe, msijisumbue.