Mafundi AC mnaohukumu kompresa bila hata kutoa belti, mnatumaliza!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia.

Gari yangu ilianza kutoa mlio upande wa belti. Mlio wa kusaga, kama kokoto zinazungushwa ndani ya sufuria. Nikampelekea fundi AC. Simu iko sikioni, kafungua boneti, kasikiliza sekunde kumi: "Kompresa imekufa hiyo, bosi," yaani ile pampu inayobana gesi ya AC. Nikamwambia mbona hata nikizima AC mlio upo? Akacheka.

Akacheka! Wakati swali lote lilikuwa hapo hapo. Puli ya kompresa inazunguka muda wote injini ikiwaka, AC uwashe usiwashe. Ukibonyeza swichi ndipo klachi, inayounganisha puli na kompresa, inashika, ule mlio wa "ta!", na vitu vya ndani vinaanza kazi. Sasa kelele isiyojali swichi inakwambia katazame beringi ya puli, au chochote kinachozungushwa na belti hiyo: tenshena (kile kinachoikaza belti), alteneta, pampu ya maji. Kelele inayokuja klachi ikishika tu ndiyo ya kushuku matumbo ya kompresa, na hata hapo bado kuna klachi inayoteleza, kuna gesi iliyozidi. Wala huhitaji kompyuta kujua hili, kidole kimoja kwenye swichi kinatosha.

Yeye akaanza na gesi. Hana mizani, hatazami geji, anapapasa bomba kwa kiganja eti "ikipoa inatosha". Kibandiko chini ya boneti kimeandikwa gramu 500, hakukitupia jicho. Nikaondoka na AC inayopuliza vuguvugu na kelele ya pili juu ya ile ya kwanza: kugonga, kila klachi ikishika. Gesi ikizidi presha inapanda, na ikirudi kwenye kompresa ikiwa bado majimaji ni balaa, maana majimaji hayabanwi. Jamaa akaichukua kelele aliyoizalisha mwenyewe akaifanya ushahidi: "Si nilikwambia?"

Nikakubali kununua kompresa. Ujinga wangu huo, nautambua, msinikumbushe.

Kazi yenyewe sasa. Kalegeza nati, gesi yote fyuuu hewani. Oili kamimina kwa macho, hakupima hata iliyotoka kwenye ya zamani. Draya, kile kichujio kinachonyonya unyevu, ile ile. Pampu ya vakyumu, ya kunyonya hewa na unyevu, ameiwasha dakika tano, kaizima, wakati nusu saa ndiyo angalau. Unyevu ukibaki humo unachanganyika na oili na gesi unazaa asidi, na asidi inakula kila kitu polepole. Halafu jiulizeni: kama kweli ile kompresa ilikuwa imejisaga, si chembe za chuma zingekuwa zimeshafika kwenye kondensa, ile rejeta ya AC iliyoko mbele? Unafungaje mpya bila kuangalia? Kwa maneno yake mwenyewe alikuwa anaipeleka machinjioni.

Nikawasha gari. Krrrrr. Ile ile.

Juzi mzee mmoja jirani yangu, fundi wa zamani aliyeshastaafu, akanionea huruma. Kazima injini, katoa belti, akaanza kuzungusha puli moja moja kwa mkono. Ya kompresa, laini. Alteneta, laini. Kufika tenshena akasimama. "Weka kidole hapa, mwanangu." Nikaweka. Wakuu, ilikuwa kama kuna mchanga ndani, inakwama, inaachia, inakwama. Akawasha injini bila belti, sekunde chache tu kwa sababu ya pampu ya maji. Kimya. Dakika 15 hazikufika, na kifaa alichotumia ni spana moja.

Beringi ya tenshena, jamani. Hata mfumo wa AC haihusiki nao!

Nikarudi kule nikiwa mpole kabisa, nikasema sawa, yameisha, nipe basi kompresa yangu ya zamani. Akaniangalia kama nimemuomba figo. "Ile tulishaitupa, bosi." Siku nne tu zimepita. Wale wenye uzoefu na gereji hebu niambieni: kompresa nzima, isiyo na tatizo lolote, huwa inatupwa wapi?