Jina la akina Gish: lilistahili kuondolewa ukumbini?

Hoja: Mei 2019, Bowling Green State University ya Ohio, Marekani, iliondoa jina la Dorothy na Lillian Gish, ndugu wawili waigizaji, kwenye ukumbi wake wa sinema, kwa kuwa Lillian aliigiza katika The Birth of a Nation (1915) ya D. W. Griffith, filamu inayolitukuza Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi lililoua na kuwatisha Weusi. Napinga. Lillian alianza na filamu bubu mwaka 1912, akafika hadi The Whales of August ya 1987. Miaka 75 ya kazi inapimwaje kwa filamu moja? Na Dorothy kakosa nini? Hata hayumo humo!

Jibu: Kwa Dorothy, nakubali kabisa kwamba ameonewa. Lakini tutazame Lillian anafanya nini mle ndani. Yeye ni Elsie Stoneman, msichana Mzungu. Silas Lynch, chotara anayeigizwa na Mzungu aliyepakwa rangi, anamfungia chumbani amuoe kwa nguvu. Griffith, mwongozaji, anakatakata picha: Elsie anahaha, farasi wa Klan wanakuja mbio, Elsie tena, farasi tena. Hofu iliyo usoni mwake ndiyo inayomfanya mtazamaji awashangilie wauaji. Mwaka uleule wa 1915 Klan ilifufuliwa Stone Mountain, Georgia.

Jibu: Mikato ni ya mwongozaji, si ya mwigizaji. Tena wengi wanamhukumu kwa nakala zinazokimbizwa picha 24 kwa sekunde, wakati kamera ya kuzungushwa kwa mkono ilipiga kama 16 hivi. Hofu inageuka kichekesho. Mtazameni katika Way Down East (1920), kalala juu ya pande la barafu mtoni Vermont, mkono na nywele vikiburuzwa majini. Kuuacha mkono majini lilikuwa wazo lake, na vidole vile vilimsumbua miaka mingi baadaye. Na wosia wake ulianzisha Tuzo ya Gish ya wasanii: mwandishi Chinua Achebe aliipata 2010, Spike Lee, mwongozaji filamu Mweusi, 2013. Spike Lee huyuhuyu akiwa mwanafunzi alitengeneza filamu fupi ya kuijibu ile ya Griffith!

Jibu: Tuzo ni njema, lakini swali ni la jina lililo mlangoni. Wanafunzi Weusi walianza kulalamika ukumbi ulipohamishiwa jengo la wanafunzi, wanapopita kila siku. Chuo kingeweza kuonyesha kipande cha Elsie na Lynch kwa kasi yake halisi, pembeni pakawekwa maandamano ya 1915 ya NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, dhidi ya filamu hiyo, kisha wanafunzi wajadili. Jina la Dorothy lingebaki palepale.